Kilichobaki Mfukoni

Kazi yangu ya kwanza ya mshahara ilikuwa kukusanya mavi ya ndege. Mama alipoulizwa kanisani binti yake anafanya nini huko Tanga, alijibu kwamba niko misitu, na hakusema uongo mkubwa. Nilikuwa Amani, Usambara Mashariki, miaka michache baada ya msitu ule kutangazwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997. Watafiti walitaka mtu mwenye macho makali, mikono myepesi na asiyeona kinyaa. Macho na mikono nilikuwa nayo. Kinyaa kiliniisha wiki ya pili.

Tulitoka saa kumi na moja alfajiri, taa za kichwani, umande ukitulowesha hadi magotini. Nyavu zilikuwa nyeusi, nyembamba kama utando wa buibui, zimefungwa kati ya miti miwili mahali ambapo jua halifiki. Ndege akiruka chinichini hazioni. Tulizikagua kila nusu saa, maana ndege akikaa muda mrefu kwenye wavu hufa kwa baridi au kwa hofu. Akishatolewa huwekwa kwenye mfuko mdogo wa kitambaa cheupe cha pamba, mdomo wa mfuko unafungwa kwa uzi, kisha unaning'inizwa kwenye kijiti. Gizani ndege hutulia. Baada ya dakika chache hujisaidia. Hapo anapimwa uzito, anavikwa pete mguuni, anaachiwa.

Wengine wote walimtazama akiruka. Mimi nilibaki na mfuko.

Niliugeuza ndani nje, nikakwangua kilichomo kwa kibanio, nikakitia kwenye kichupa cha spiriti na kuandika namba ya pete. Jioni, taa ikiwaka, nilimwaga kila kichupa kwenye kisahani cha kioo na kukiweka chini ya hadubini. Siku ya kwanza niliona uchafu wenye kung'aa, basi. Mtafiti mmoja akanivutia kiti, akaniambia nisitafute mdudu, nitafute kipande. Kile kinachong'aa kijani kama kioo cha chupa ni gamba la bawa la mende. Vile viwili vidogo vya kahawia, vyenye meno kama msumeno, ni taya za kiwavi. Mwili wote umeyeyuka tumboni, taya zimebaki. Vile vyeusi vilivyopinda kama kucha za paka ni meno ya buibui. Na hivi vyote, hivi na hivi na hivi, ni vichwa vya sisimizi.

Vichwa vya sisimizi vilikuwa vingi mno. Katika kinyesi cha ndege mmoja mdogo, ambaye uzito wake haukufika gramu ishirini, nilihesabu kumi na saba. Nilikuja kuzoea kuviona hata nikifumba macho kulala. Na hapo ndipo nilipogundua kwamba mambo yote niliyokuwa nikijua kuhusu chakula cha ndege niliyapata kwa kutazama mdomo, na mdomo hautoi habari kamili.

*

Nimezaliwa kihambani, upande wa kusini wa Kilimanjaro, ambako hukuoni kuanza kwa shamba wala kuisha kwa msitu kama hujaonyeshwa. Juu kabisa palikuwa na miringaringa na miruka, na mgrivilia alioupanda babu kwa ajili ya mbao. Chini yake migomba. Chini ya migomba, kahawa. Chini ya kahawa, magimbi na mboga za bibi, na mfereji wa maji ukikatisha. Mpakani masale, ambayo hakuna aliyethubutu kuyang'oa bila sababu. Leo watu wa kilimo huita mpangilio huo kilimo mseto na wanauandikia vitabu; vihamba vya Shimbwe Juu vimeingizwa na FAO katika orodha ya urithi wa kilimo duniani. Sisi tuliuita nyumbani.

Ndege wa kihamba tuliwagawa makundi mawili tu: wezi na wasio na kazi. Wezi ni pasa, wale wenye mikia mirefu kama ya panya, waliokuja kwa makundi kutoboa mapapai. Shore naye alikuwa mwizi. Waliobaki, wale wadogo wa kijani na manjano walioruka kwenye mikahawa bila kuonekana wakibeba chochote, hawakuwa na jina kwetu watoto. Kaka zangu waliwapiga kwa manati kwa mazoezi. Mimi, kwa kuwa msichana, sikupewa manati. Nilikuwa mbeba mawe. Sijui kama hilo linanipunguzia dhambi.

Siku moja kaka yangu mkubwa alimwangusha shore aliyekuwa anatoka kwenye kiota mgombani. Babu alikuwa amekaa kwenye kigoda akipukuchua maharage. Alimchukua yule ndege, akamfungua mdomo kwa ukucha. Ndani mlikuwa na kiwavi mnene wa kijani, bado anajipinda.

"Huyu mlisema mwizi wa nini?"

"Mapapai, babu."

"Basi leo alikuwa amebeba papai la namna gani?"

Hakutuchapa. Alimtupa yule kiwavi kwa kuku na kuendelea na maharage. Nililichukua tukio lile kama fumbo la mzee, nikalisahau kwa miaka kumi na tano.

Kule Amani ndipo nilipoelewa. Shore mkubwa hula matunda, lakini kifaranga hakui kwa papai. Anahitaji protini, na anaihitaji kwa haraka, katika zile siku chache kabla hajaruka. Hata ndege wa mbegu, hata kwerea ambao wakulima wa mtama huwalaani, huwalisha makinda wao wadudu siku za mwanzo. Chozi, ambaye kila mtu atakuapia kwamba anaishi kwa asali ya maua, huwakusanyia watoto wake buibui na vidudu laini. Kwa hiyo ukiuliza ndege fulani anakula nini, lazima uulize pia ni mwezi gani na ana watoto au hana. Na kuna siku ambazo swali lenyewe linapoteza maana: siku mvua ya kwanza inaponyesha na kumbikumbi wakatoka ardhini. Siku hiyo nimeona kunguru, shore, mnana, mbayuwayu, mwewe na watoto wa jirani wote wakila chakula kimoja.

*

Aliyenifundisha kutega nyavu alikuwa mzee wa Kisambaa, ambaye nitamwita Mzee wa Nyavu kwa sababu hakupenda kuandikwa. Alikuwa hajui jina la Kilatini hata moja, lakini akisikia mlio alikuwa anakwambia ndege yuko tawi la mti gani na anatafuta nini. "Kila ndege ana meza yake," alikuwa akisema. Yule anapekua majani makavu chini. Yule anagonga mti mkavu. Yule anakaa kwenye kijiti akingoja kinachoruka. Yule wa juu kabisa, hatumpati kwenye nyavu zetu, tusijidanganye kwamba hayupo.

Asubuhi moja hatukufungua nyavu. Mzee alisimama ghafla njiani, akainua mkono. Nilisikia kwanza mchakacho mdogo, kama mvua ya mbali juu ya majani makavu. Siafu. Walikuwa wameenea kwa upana wa chumba, weusi na wekundu, wanapanda mashina na kushuka, na mbele yao sakafu yote ya msitu ilikuwa inakimbia: nyenje, mende, buibui wenye mayai, tandu, panzi wasio na mabawa. Na pale mbele, kwenye vijiti vya chini, ndege walikuwa wamejipanga kama watu kwenye harusi wakingoja sinia. Mmoja wa kahawia mwenye kifua cheupe. Wawili wenye tumbo na mkia wa rangi ya kutu. Walishuka, wakadonoa, wakarudi kijitini, wakipangusa siafu waliowang'ata miguu.

"Hawali siafu," Mzee alininong'oneza. "Wanakula woga wa wale wengine."

Yeyote aliyewahi kuona yangeyange wakifuata ng'ombe machungani anaijua mbinu hiyo: acha mwingine afanye kazi ya kufurusha. Tofauti ni kwamba ng'ombe wako kila mahali. Karamu ya namna ile, yenye msafara mkubwa wa siafu na mkeka mnene wa majani makavu ya kuwinda, inahitaji msitu, tena si kipande cha msitu. Huko Kakamega, Kenya, Marcell Peters na wenzake walifuatilia ndege hao wafuata siafu, wakakuta kwamba katika vipande vidogo vya msitu makundi yao yanapungua sana, idadi na aina. Na hapohapo Usambara, William Newmark, aliyeanza kutega nyavu huko miaka ya 1980, alichapisha mwaka 1991 matokeo yaliyokuja kujulikana sana: msitu ukikatwa vipandevipande, ndege wa chini, wale wa giza, hutoweka. Wengi wao hawavuki uwazi. Ndege ana mabawa mazima, lakini kati yake na msitu wa pili pakiwa na shamba la chai, kwake ni kama bahari.

Hilo nililiona kwa macho katika mashamba ya iliki. Iliki hupandwa ndani ya msitu, chini ya miti mikubwa iliyoachwa. Ukisimama kilimani ukitazama, unaona msitu mzima, hakuna pengo. Ukiingia ndani unakuta vichaka vimefyekwa, majani makavu yamefagiliwa, miche midogo ya miti haipo. Nyavu zetu za humo zilileta ndege, tena wengi siku nyingine, lakini vichupa vyangu vya spiriti vilibadilika. Wale wa kifua cheupe hawakunaswa. Wenye kupekua majani hawakunaswa. Paa la nyumba lilikuwa limebaki, jiko lilikuwa limeondolewa.

*

Niseme kidogo kuhusu namna ya kujua, kwa sababu watu hudhani ni jambo la kukaa na kutazama.

Wanasayansi wa zamani walimpiga ndege risasi na kumpasua tumbo. Kizazi cha Reginald Moreau, aliyefika Amani mwaka 1928 na kuishi huko hadi miaka ya 1940, kilifanya hivyo bila kusita. Ndiyo ilikuwa desturi ya wakati wao, na mengi tunayoyajua yametoka humo. Baadaye ikaja dawa ya kumtapisha ndege. Inafanya kazi, ila baadhi ya ndege hufa nayo. Kinyesi hakimuui mtu yeyote, lakini kina upendeleo wake: kinahifadhi vyenye ganda gumu na kuficha vilivyo laini. Sisimizi mmoja anaacha kichwa kizima. Kiwavi mnene kuliko sisimizi ishirini anaacha taya mbili ndogo usizoziona ukiwa na usingizi. Kwa miaka miwili niliamini kwamba ndege wa Usambara wanaishi kwa sisimizi. Sasa nadhani wanakula sisimizi wengi, ndiyo, lakini nusu ya mshangao wangu ilitokana na ugumu wa fuvu la sisimizi.

Siku hizi wanatumia vinasaba. Kinyesi kinaingia mashine, kinatoka na orodha ya majina ya wadudu, hata wale walioyeyuka kabisa. Ni hatua kubwa, na naionea wivu. Lakini hata mashine haiwezi kukwambia kama ndege alikula kiwavi, au alikula buibui aliyekuwa amekula kiwavi. Hali zote mbili zinaandika jina moja.

Na hapo kwenye buibui ndipo ilipo hoja ambayo huwa naipigania kila ninapokaa na wataalamu wa kilimo. Wao husema "ndege rafiki wa mkulima". Mimi hadubini ilinionyesha ndege anayekula adui wa mkulima pamoja na rafiki wa mkulima katika tonge moja. Buibui hula wadudu waharibifu. Ndege anamla buibui. Sisimizi wengine hulinda mmea. Ndege anamla sisimizi. Mwaka 2010 Kailen Mooney na wenzake walikusanya majaribio zaidi ya 100 kutoka sehemu mbalimbali za dunia, ambamo mimea ilifunikwa wavu ili ndege, popo na mijusi wasiifikie, kisha ikalinganishwa na mimea isiyofunikwa. Pale wala wadudu hao walipokuwepo, wadudu wanaokula majani walipungua kwa asilimia 39. Buibui na wawindaji wenzake walipungua kwa asilimia 38. Tazama namba hizo mbili. Ndege hachagui kambi. Hata hivyo uharibifu wa mimea ulipungua kwa asilimia 40. Mkulima anafaidika, lakini si kwa sababu ndege amemkusudia yeye.

Na popo, kwa kuwa nimewataja, walinyimwa sifa yao kwa muda mrefu. Nyavu za majaribio zilikaa usiku na mchana, hesabu yote ikaandikwa kwa jina la ndege. Mwaka 2008 ndipo watafiti wa Panama na wa mashamba ya kahawa ya Chiapas, Mexico, walipochapisha majaribio ya kufunika mimea usiku pekee na mchana pekee, wakaonyesha kwamba popo wanafanya sehemu kubwa ya kazi. Bibi yangu angekataa kusikia habari hizo. Kwake popo alikuwa mchawi hadi alipofariki.

*

Kihamba chetu, kwa desturi, kilirithiwa na mdogo wetu wa mwisho wa kiume. Yeye ndiye aliyekaa. Sisi wengine tulitawanyika, tukawa wa kurudi Desemba na maoni mengi.

Bei ya kahawa ilipoporomoka, mdogo wangu alikata mringaringa mkubwa wa babu na miruka miwili, akauza mbao, watoto wakaenda shule. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa. Aliyekaa Dar es Salaam akala mshahara hana mamlaka ya kumfundisha mwenye ada ya kulipa. Lakini nilipofika Krismasi ile, jambo la kwanza nililolisikia lilikuwa kimya. Asubuhi hapakuwa na kigong'ota, ambaye alikuwa akifukua mabuu ya mende kwenye tawi kavu la mringaringa tangu nikiwa mtoto. Yule ndege mwekundu mwenye mkia kama utepe, ambaye hukaa kivulini na kuchomoka ghafla kudaka nzi, sikumwona kwa wiki nzima. Pasa walikuwepo. Pasa wapo daima.

Mdogo wangu alikuwa anapiga dawa. Zamani babu alijua mrututu tu, kwa magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani, na majani yalibaki na rangi ya samawati mpaka mvua iyaoshe. Hii ya sasa ilikuwa ya kuua wadudu, yenye harufu inayokaa kwenye shati hata likifuliwa. Nilimuuliza anapigia nini.

"Ruhuka, dada. Na kimatira. Ruhuka ndiye anayenimaliza."

Nikamwambia ndege pia hula ruhuka. Alinitazama kama mtu anayetazama mgeni wa mjini.

"Ndege gani huyo, niende nikamwajiri."

Nilikuwa nimejitega mwenyewe. Ruhuka ni kidudu cheusi kisichozidi milimita mbili. Jike linatoboa tunda la kahawa, linaingia, linataga humohumo, na wanawe wanakulia ndani ya buni. Ndege hana la kumfanya akiwa ndani. Nafasi yake ni dakika zile ambapo jike linatoka tunda moja kwenda jingine, au linapokuwa bado linatoboa. Hilo linahitaji ndege mdogo, mwenye mdomo kama sindano, anayekagua tawi hadi tawi asubuhi nzima. Nilimweleza kwamba huko Costa Rica, Daniel Karp na wenzake walifungia ndege nje ya mikahawa na kukuta ruhuka wameongezeka maradufu, kisha wakapata vinasaba vya ruhuka kwenye kinyesi cha ndege kadhaa. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2013. Huko Jamaica, waliofanya kazi hiyo zaidi walikuwa vindege wahamiaji kutoka Amerika Kaskazini, wanaokuja kukimbia baridi. Nasi tunao wa namna hiyo. Kuna kindege cha rangi ya jani linalonyauka, gramu tisa hivi, kinachofika Kilimanjaro na mvua za vuli kutoka Ulaya na hata Siberia, kinakaa kwenye migrivilia yetu kikiokota vidudu, na masika yakikolea kinaondoka. Hakina jina kwetu.

"Costa Rica," akasema mdogo wangu. "Na hapa?"

Swali la haki. Kwa bahati jibu nilikuwa nalo. Alice Classen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Würzburg, Ujerumani, walifanya jaribio la nyavu hapohapo Kilimanjaro, kwenye kahawa ya vihambani na ya mashamba makubwa, wakalichapisha mwaka 2014. Mikahawa iliyofikiwa na ndege na popo ilishika matunda zaidi kwa asilimia 9. Nyuki nao waliongeza uzito wa tunda kwa asilimia 7.4. Kazi moja haikuifuta nyingine.

Alinyamaza akipiga hesabu. Alikuwa mzuri wa hesabu kuliko mimi tangu shule ya msingi.

"Asilimia tisa," alisema mwishowe. "Si nyingi."

"Si nyingi."

"Lakini dawa nainunua."

Hatukuendelea. Mtu akifika mwenyewe mahali, hukai ukimsukuma.

*

Siku zilizofuata nilicheza na watoto wake. Tulifinyanga viwavi kwa udongo wa kuchezea wa kijani, ule laini usiokauka, tukavigandisha kwenye majani ya mikahawa: kumi chini ya mgrivilia uliobaki, kumi pale penye jua. Baada ya siku mbili tukavikagua. Mdomo wa ndege huacha alama ya pembe, kama mkasi uliobana. Panya huacha mistari miwili ya meno. Sisimizi hutoboa tundu ndogondogo kama za pini. Chini ya mgrivilia viwavi vinne vilikuwa na alama ya mkasi. Juani, kimoja, pamoja na alama nyingi za sisimizi.

"Shangazi, ndege hakugundua ni kiwavi cha uongo?" aliuliza yule mdogo.

"Aligundua baada ya kudonoa."

"Halafu akafanyaje?"

"Akaenda kudonoa kingine."

Viwavi ishirini si utafiti, na sikumruhusu yeyote pale nyumbani auite hivyo. Lakini watoto walipita kila asubuhi kuvikagua mpaka nikaondoka. Niliwaambia pia jambo ambalo nisingependa walisahau kwa kufurahia: hata tukirudisha miringaringa yote, yule wa kifua cheupe anayefuata siafu hatakuja kihambani kwetu. Meza yake iko msituni, na haihamishiki. Kihamba kina wageni wake na msitu una wenyewe. Martin Nyffeler wa Chuo Kikuu cha Basel na wenzake walikadiria mwaka 2018 kwamba ndege wala wadudu duniani hula kati ya tani milioni 400 na 500 za wadudu na jamaa zao kwa mwaka, na zaidi ya tani milioni 300 kati ya hizo huliwa na ndege wa misituni. Nimekaa na watu wanaosema kilimo mseto kinaweza kuchukua nafasi ya msitu. Nadhani hawajawahi kugeuza mfuko wa kitambaa ndani nje.

Nilirudi tena mwaka jana, mwezi wa Desemba. Mdogo wangu alikuwa amepanda miche sita ya mringaringa kando ya mfereji. Sikuuliza kwa ajili ya nini. Huenda ni mbao. Tawi kavu la mparachichi, ambalo miaka yote angelikata kuni, lilikuwa bado limesimama.

Asubuhi alikuwa anatoka kwenda mjini. Pikipiki yake ilikuwa imelala uani, pale ulipokuwa mti wa babu, na juu ya tangi la mafuta palikuwa na doa jeupe lenye kiini cheusi, bado bichi. Alichukua tambara, akasogea kulifuta. Akasimama.

"Dada," aliita. "Hebu njoo. Huyu alikula nini?"

Ninayo lenzi ndogo kwenye mkoba, siachani nayo. Tuliinama wote wawili juu ya tangi, vichwa vikigusana, jua likituchoma shingoni.

"Kile kinachong'aa," nikamwambia, "usitafute mdudu. Tafuta kipande."